Mshale wa Msuguano

Kabla ya kwenda shule, Émérence alikuwa na kazi tatu: kuteka maji kwenye bomba la jirani, kufagia uani, na kupeleka beseni la mahindi kwenye mashine ya kusagia. Kazi ya tatu ndiyo iliyomlia muda. Mtaani kwao Kikula, mjini Likasi, mashine ilikuwa moja tu, na foleni yake ilianza jua halijachomoza. Siku nyingine msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliingia darasani unga bado umemganda kwenye nyusi.

Huo ulikuwa mwaka 1995. Karakana ya mgodi alikofanya kazi baba yake, Papa Godefroid, ilikuwa imesimama. Mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikapungua, mwisho ikakatika kabisa. Wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora sasa walilima mihogo kando ya reli au walivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Papa Godefroid alikuwa fundi mitambo, na mikono yake haikujua kukaa bure. Yeye na dada yake, Tantine Gertrude, walitoa cherehani na baiskeli, wakapewa mashine kuukuu ya kusagia. Papa akaitengeneza kwa miezi miwili nyumbani kwa rafiki yake. Jumamosi ingeletwa kwao, na foleni ya mtaa ingegawanyika mara mbili.

Walimu nao walikuwa hawalipwi. Mwalimu Isidore, aliyefundisha fizikia, alikuja darasani na udongo wa shamba kwenye viatu, lakini hakukosa kipindi. Jumatatu ya wiki ile aliweka tofali juu ya meza.

"Tofali hili limetulia," alisema. "Je, kuna kani inayolisukuma au kulivuta?"

"Hakuna, Mwalimu," darasa likajibu.

"Zipo mbili. Ya kwanza ni uzito. Dunia inalivuta tofali chini. Ya pili ni ya meza, inayolibeba na kulisukuma juu. Zinalingana, ndiyo maana tofali halisogei." Akachora ubaoni mraba mmoja na mishale miwili. "Kila kani ni mshale. Mshale huonyesha kani inaelekea wapi, na urefu wake huonyesha ukubwa wake. Nikifunga kamba na kuvuta, naongeza mshale wa tatu, mkazo wa kamba. Tofali likikwaruza meza, unakuja wa nne, msuguano. Msiache hata mmoja, na msichore hata mmoja msioweza kuueleza."

Zoezi la nyumbani lilikuwa sanduku linalovutwa kwa kamba juu ya ubao ulioinama. Jioni hiyo Émérence alikaa na daftari, akachora sanduku, akasinzia. Asubuhi, wakati wa mapumziko, alimwomba rafiki yake Tania daftari lake, akanakili mishale yote minne. Tania alikuwa hodari. Madaftari yaliporudi, Émérence naye alikuta kumi kwa kumi.

Papa Godefroid alilitazama daftari kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema, na ufundi aliusomea kazini. "Jumamosi utatusaidia," alisema. Furaha ya baba yake ilimwingia Émérence kama mwiba, lakini akalifunga daftari.

Jumamosi mashine ilifika juu ya mkokoteni wa Papa Damas, akiwa na vijana wake wawili. Ilikuwa chuma kitupu, nzito kupita magunia mawili ya mahindi. Chumba cha kuiweka kilikuwa juu ya msingi wa mawe, kwa sababu mvua hufurika uani, na baraza yake ilimfika mtu mzima kiunoni. Papa Godefroid aliegemeza ubao mnene kutoka chini hadi barazani, akafunga kamba kwenye fremu ya mashine. Wanaume wangevuta kutoka juu. Tantine Gertrude alikaza kitenge chake, akasimama chini, nyuma ya mashine, tayari kuisukuma kwa mabega.

"Émérence, leta daftari," Papa aliita. "Huu msuguano unaelekea wapi?"

Émérence akatazama mchoro. "Chini, Papa."

"Kwa hiyo unashirikiana na uzito kutuvuta chini." Papa akafikiri, kisha akachukua kopo la oili chafu. "Basi tuupake ubao oili. Adui mmoja atapungua, na sisi tutavuta kwa urahisi."

"Iko na akili, mutoto wetu," alisema Tantine Gertrude, huku akiegemeza bega lake kwenye chuma.

Papa akachovya kitambaa ndani ya kopo. Émérence alimtazama shangazi yake pale chini, kisha akatazama mshale ule mdogo daftarini. Kama mashine ingesimama katikati, mshale ungebaki ulivyo? Hakujua. Alikuwa ameuchora bila kujua kwa nini unaelekea huko, na sasa mtu mzima alikuwa amesimama nyuma ya chuma kile kwa sababu ya mshale huo.

"Papa, subiri," alisema. "Mchoro huu si wangu."

Papa akageuka. "Si wako kwa namna gani?"

"Nilinakili kwa Tania. Siwezi kuueleza. Hata hizo kumi ni za Tania."

Vijana wa Papa Damas wakatazama pembeni. Papa Godefroid aliweka kopo chini polepole, akajifuta vidole kimoja kimoja. Émérence alingoja akemewe. Lakini baba yake alisema tu, "Gertrude, toka hapo chini." Kisha akamwambia binti yake, "Nenda kwa mwalimu wako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mashine itangoja."

Alimkuta Mwalimu Isidore akipalilia mahindi nyuma ya shule. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini yote yalimtoroka. Alisema kwa kifupi: alinakili, amepewa alama zisizo zake, na nyumbani wanamngoja. Mwalimu alipalilia hadi mwisho wa tuta. Kisha akalipokea daftari, akatoa kalamu mfukoni, akaifuta ile kumi kwa mstari mmoja.

"Ungeniambia Jumanne, ingekuwa kazi ya dakika tano," alisema. "Twende."

Barazani, Mwalimu hakumpa mtu jibu. Alimwomba Papa kipande kidogo cha ubao na tofali, akampa Émérence.

"Liweke tofali juu ya ubao. Inua upande mmoja kidogo. Linafanya nini?"

"Limetulia."

"Uzito unalivuta chini, na ubao umeinama. Kwa nini haliporomoki? Hakuna kamba."

Émérence aliinama karibu na tofali. Akaligusa kwa kidole, akasikia jinsi lilivyoushika ubao. "Kuna kitu kinalizuia," alisema. "Ni msuguano. Lakini basi unaelekea juu, si chini."

"Sasa livute kwenda juu."

Alifunga uzi, akavuta. Tofali lilikwaruza na kukataa. "Sasa msuguano unanivuta nyuma. Umegeuka." Akanyanyua macho. "Mwalimu, ni kani ileile, ila inapinga upande ule kitu kinakotaka kuteleza. Tukivuta, inatupinga sisi. Tukisimama, inaizuia mashine isirudi."

Mwalimu akampa kipande cha chaki. "Chora. Michoro miwili."

Émérence akapiga magoti kwenye saruji ya baraza. Alichora mashine inayovutwa: uzito moja kwa moja chini, kani ya ubao ikiisukuma mashine kwa pembe mraba na ubao, mkazo wa kamba kuelekea juu ya mteremko, msuguano kinyume chake. Pembeni akachora mashine iliyosimama, bila mkazo wa kamba, na msuguano ukielekea juu ya mteremko. Kwenye mchoro wa kwanza alikosea, akauelekeza uzito kufuata mteremko wa ubao. Mwalimu akauliza, "Embe huangukia wapi?" Émérence akafuta kwa kiganja, akachora upya.

Papa Godefroid alichuchumaa, akaufuata kila mshale kwa kidole. Alipofika kwenye msuguano wa mchoro wa pili akakiacha kidole hapo.

"Kumbe oili ingekula mshale huu pia," alisema.

"Ndiyo, Papa. Mkono mmoja tu ukiteleza kwenye kamba, hakuna kitakachoizuia."

Kopo la oili likarudishwa jikoni. Papa Damas alileta ubao mrefu zaidi ili mteremko uwe mpole, wakaunyunyizia mchanga. Walizungusha kamba kwenye nguzo ya baraza. Tantine Gertrude sasa alisimama kando, akiwa na jiwe la kuzuia nyuma ya mashine kila iliposogea. Wanaume wakavuta. Ilikuwa kazi ngumu kweli. Mishipa ya shingo iliwatoka, wakapumzika mara tatu.

Walipofika katikati, fundo la kamba kwenye fremu lilifyatuka. Papa Damas akaanguka kwa makalio, kamba ikimlegea mikononi. Mashine ilitikisika, ikarudi upana wa kidole, ikakwama kwenye jiwe. Haikusogea tena. Tantine Gertrude alitazama mahali pale chini ya ubao alipokuwa amesimama asubuhi, akamvuta Émérence karibu naye, akamshika hivyo mpaka fundo jipya lilipofungwa.

Kufikia saa nane mashine ilikuwa chumbani. Tantine alipika bukari, ugali wa mahindi, na sombe la majani ya mihogo, wakala wote barazani, na Mwalimu Isidore akalazimishwa kuongeza tonge.

"Nimefuta kumi zako," Mwalimu alimwambia Émérence wakiwa bado wanakula. "Jumatatu utafanya zoezi jingine, peke yako. Na utamwambia Tania kwa nini. Sawa?"

"Sawa, Mwalimu."

"Basi nikuulize. Mkanda wa mashine ile ukianza kuzungusha gurudumu, msuguano utakuwa adui au rafiki?"

Émérence aligeuka kuitazama mashine. "Sijui bado," alisema. "Niache niuchore kwanza."

Mwalimu akacheka kidogo, akamgeukia Papa Godefroid. "Umesikia, Papa? Anayenakili hulijibu swali la kwanza tu. Likija la pili hana pa kushika, na la pili huwa halikosi kuja."

Papa Godefroid aliitikia kwa kichwa, kucha zake zikiwa bado na kutu ya chuma. "Mwanangu," alisema, "kutojua si aibu, kila mtu huanzia hapo. Aibu ni kuficha kutojua mpaka mwenzako aumie. Leo ulisema ukweli mbele ya watu, na dada yangu amekaa hapa anakula. Nenda ukachore."

Émérence akachukua chaki, akaingia chumbani, akaketi sakafuni mbele ya mashine.