Kinu cha Bibi na Blenda ya Kioo

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Agnella alisema ya kale ni kuni. Alisema hivyo kila jioni, mchi mkononi, viganja vikiwaka moto, huku kisamvu kikikataa kulainika ndani ya kinu cha bibi yake.

Kinu hicho kilikuwa cha mti wa mkongo. Marehemu babu yake alikichonga kule Michenga alipomwoa Bibi Konsolata, na Bibi naye akampa binti yake, mama yake Agnella, alipohamia Mlabani. Tumbo la kinu lilikuwa limeng'aa na kuwa jeusi kwa miaka ya kutwanga.

"Kwa kina Nelly wana blenda," Agnella alimwambia mama yake. "Wanabonyeza tu. Sisi tunatwanga kama tuko vitani."

"Vitani hawali kisamvu," mama alijibu. "Twanga."

Hata hivyo, mpunga ulipouzwa vizuri, mama alimchukua hadi dukani kwa Mzee Pantaleo. Mzee akapanga blenda mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa fupi, nene, ya plastiki ngumu, yenye swichi moja na kikombe cha kusagia vitu vikavu. Nyingine ilikuwa na jagi la kioo na vitufe vya rangi vilivyojipanga kama shanga.

"Hii fupi ni ng'ombe wa kulima," alisema Mzee Pantaleo. "Ya kioo ni ya juisi na vitu laini. Ukiipa kitu kigumu, inakufa. Mnataka kusaga nini hasa?"

Mama alimtazama Agnella. "Jikoni tunashinda sote wawili. Chagua wewe. Lakini swali umelisikia."

Agnella alilisikia vizuri sana. Akaweka mkono juu ya kioo.

Kwa siku chache walikunywa juisi ya maembe mpaka baba akauliza kama ugali umepigwa marufuku. Kisha habari zikaja kwamba Bibi anaumwa, na mama akaenda Michenga kumwuguza. Agnella akabaki akikitazama kinu pale pembeni mwa jiko. Aliona kwamba kinu kikiwapo, kutwanga kutakuwapo.

Asubuhi moja akapita Mama Mayunga, jirani yao Msukuma aliyewauzia maziwa. Alikuwa akitafuta kitu cha kuwekea ndama wake chumvi.

"Chukua kinu hiki," Agnella alisema. "Hatukitumii tena."

Mama Mayunga alikigonga kwa vidole. "Mti mzuri huu. Mama yako anajua?"

"Amesema nikupe."

Mama Mayunga akashukuru, akakibeba begani.

Mama aliporudi, alikuja na Bibi, naye alikuwa amekonda. Bibi akalazwa hospitali. Mama alipitia nyumbani na kikapu cha mpunga mchanga, ule unaovunwa kabla haujakauka.

"Bibi yako amekataa kila chakula," alisema. "Ameomba pepeta za shamba lake. Kaanga, twanga ungali moto, nije nizichukue." Akaondoka mbio bila hata kuingia jikoni.

Kila msimu Agnella alikula pepeta, punje zile zilizopondwa bapa, zenye harufu ya moshi na majani mabichi. Alijua hazitengenezwi bila kinu. Lakini alikaanga, akamimina mpunga wa moto ndani ya jagi, akabonyeza. Blenda ikaguna. Kioo kikapasuka kwa joto, na harufu ya waya zilizoungua ikajaa jikoni. Punje zilitapakaa sakafuni, nusu unga, nusu makapi.

Mama aliporudi, aliitazama blenda, kisha akatazama pembeni. Palikuwa na alama ya duara tu pale chini.

"Kinu kiko wapi?"

Agnella alieleza yote. Alingoja fimbo. Mama hakuishika fimbo. Aliketi juu ya kigoda, mikono magotini.

"Mama yangu ameomba kitu kimoja tu," alisema taratibu. "Nirudi nimwambie nini?"

Agnella alitamani angechapwa.

Wakabeba mpunga uliobaki hadi kwa Mama Mayunga. Kinu kilikuwa kimepasuliwa katikati kwa urefu, na ndama wawili walikuwa wakilamba chumvi katika lile tumbo jeusi. Mama alipiga magoti akaugusa ule mti. Mama Mayunga alipoelewa kilichotokea, alitoa kinu chake mwenyewe, akakifuta.

"Mgonjwa kwanza," alisema. "Mtoto, shika mchi."

Agnella alitwanga mpaka malengelenge yakapasuka, na hakulalamika hata mara moja. Mama akapepeta, akafunga pepeta ndani ya kanga, akakimbilia hospitali.

Kesho yake mama na Agnella walimrudishia Mama Mayunga ungo aliowaazima.

"Amekula," mama alisema. "Akauliza kama tumetwanga kwa kinu chake. Nikamwambia ukweli. Akageukia ukutani, anatafuna." Akavuta pumzi. "Jirani, ungenisubiri mimi mwenyewe. Hata samahani huna?"

Agnella alitazama chini. Mama Mayunga aliuweka ungo ukutani.

"Nasikitika, tena sana. Lakini nilimwuliza mwanao, akanijibu kwa jina lako. Nimwamini nani kama si mtoto wa jirani yangu? Agnella, mwanangu, shoka lilifuata mdomo wako. Kifaa kipya unakichagua kwa kazi utakayokipa, hukichagui kwa kung'aa kwake. Na cha zamani kisicho chako usikitoe, hata kama kinakuchosha. Mtakuja kutwanga hapa kila mkitaka. Kinu changu hakina choyo. Ila radhi mimi siombi."