Fundi Saa Aliyeionea Wivu Programu ya Okidi

Majirani zangu, nipeni masikio yenu kidogo. Kisa nilichonacho hakikutokea kwa walevi wala kwa wezi. Kilitokea katika nyumba ambayo, mngeipita asubuhi, wengi wenu mngeitamani.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa ya kwanza, yenye roshani ndefu inayotazama uani. Rafu tatu za mbao zilisimama kwenye roshani hiyo, na juu yake zilipangwa okidi, nyeupe, za zambarau, nyingine za manjano yenye madoa kama uso wa chui. Kila asubuhi mwenye nyumba alizipitia moja moja, kikombe cha chai mkononi, akigeuza jani hili, akinusa mizizi ya ile. Mkewe alikaa kwenye kiti cha plastiki akimtazama.

"Ungekuwa unanikagua mimi hivyo, ningekuwa nimechanua zamani," mke alimtania.

"Wewe ulichanua siku niliyokuoa, mama. Hizi ndizo bado zinajikongoja."

Wakacheka. Ndivyo walivyoishi kwa miaka mingi.

Mume alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu. Watu waliendelea kumwita Nesi, na bado walimgongea mlango mtoto akipata homa. Lakini heshima ya Fundi haikutoka kwenye saa. Siku hizi nani anatengeneza saa? Ilitoka kwenye okidi. Ua la mtu likinyauka, lilibebwa hadi kwake kama mgonjwa. Angevaa kile kioo chake cha kukuzia, akainama, akaguna, akanyamaza kwanza, ndipo aseme. Mtu akishaondoka, Fundi alitembea kifua mbele hadi jioni.

Alikuwa na tabia moja, na ni bora niiseme mapema. Alipokupa ujuzi, hakukupa wote. Alikuambia umwagilie, hakukuambia lini. Alikuambia uhamishie kwenye chungu kingine, hakukuambia utie nini ndani yake. Kipande kimoja alikibakiza mfukoni, ili urudi.

Nesi alipostaafu, naye alitaka kuotesha. Mwaka huohuo dada yake mkubwa alifariki, akamwachia okidi moja ndani ya chungu cha udongo. Nesi aliipenda kuliko nguo na vyombo vyote alivyorithi. Alipomuuliza mumewe namna ya kuitunza, alijibiwa, "Taratibu, mama. Mambo haya hayana haraka." Akiuliza tena, jibu lilikuwa lile lile. Binti yao aliposikia hayo kwenye simu, alimwekea mama yake programu ya okidi kwenye kompyuta. Ilikuwa na picha za aina mamia kwa mamia, maelezo ya magonjwa, na kalenda ya kumwagilia. Ukiandika jina la okidi yako, inakuambia inapenda nini na inachukia nini.

"Kompyuta inajua nini kuhusu mizizi?" Fundi alisema. "Imewahi kushika udongo?"

"Haijashika," Nesi akajibu kwa upole. "Lakini nikiiuliza, inanijibu."

Neno hilo lilimwingia Fundi kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa, mtaani pale palikuwa na kikundi cha watu kumi na wawili, Nesi akiwa mmoja wao, waliokuwa wakijifunza kuotesha okidi. Walikutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mwenyekiti wao, mwalimu wa hesabu, aliposikia habari za programu ile, alisimama mbele ya wenzake.

"Wengine wanasema itatusaidia sisi tunaoanza, wengine wanasema ni upuuzi. Nesi aijaribu miezi miwili, kisha atuambie. Ikifaa, tutaiweka kwenye kompyuta ya hapa maktaba, kila mtu aitumie."

Wote wakapiga makofi. Fundi, aliyekuwa amealikwa kama mgeni wa heshima, alipiga makofi mawili tu.

Nesi aliijaribu kama alivyokuwa akihudumia wodi. Kila chungu alikipa namba. Kila siku aliandika maji aliyotia, jua lililoingia, jani lililobadilika. Baada ya wiki tatu, mwanamke mmoja wa kikundi kile, muoka mikate aliyejulikana kama Mama Mikate, alifika na okidi yenye majani yaliyokunjamana. Fundi akavaa kioo chake, akaguna, akasema:

"Kiu. Ongeza maji."

Nesi akakohoa kidogo. "Samahani, baba. Programu inasema majani yanaweza kukunjamana kwa kiu, au kwa sababu mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa. Inasema tuangalie mizizi kwanza."

Mama Mikate, ambaye hakujua kwamba amesimama kati ya moto na petroli, akaing'oa okidi yake palepale. Mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, inanuka.

"Alaa! Kumbe ningeizamisha!" akasema. "Nesi, Mungu akubariki. Sasa nifanye nini?"

Hakumgeukia Fundi. Alimgeukia Nesi. Wanawake wawili wakainama mbele ya kompyuta, vichwa vimegusana, na Fundi akabaki na kioo chake jichoni akikuza hewa.

Tangu siku ile kijiba cha roho kilianza kukua ndani ya Fundi. Watu walipogonga mlango wakiuliza, "Nesi yupo?" moyo ulimfukuta. Alipomsikia mkewe akicheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, alijisikia kama mtu aliyeletewa mume mwenza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwenye kibanda chake cha kutengenezea saa alivunja vioo viwili vya saa kwa siku moja, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Na kilichomuuma zaidi hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu angesemaje? Kwamba anaionea wivu programu?

Mwezi wa pili ulipoanza, Nesi alimwita roshani. Mbele yake kilikuwa chungu cha marehemu dada yake.

"Baba, hii nimeshindwa. Programu inataka jina kwanza, na kwa majani matupu siwezi kuitofautisha. Nikilinganisha na picha, naona kama aina mbili tofauti. Moja inasemwa hulala miezi mitatu bila maji, nyingine haivumilii kukauka. Ni ipi?"

Fundi aliijua. Aliijua vizuri kama alivyojua kiganja chake. Ilikuwa ile inayolala, na usingizi wake ulikuwa unakaribia.

Jamani, mtu huweza kuharibu miaka thelathini kwa sentensi moja. Fundi aliiinamia okidi, akaguna kama kawaida yake, kisha akamtajia mkewe lile jina jingine, herufi kwa herufi, polepole, naye Nesi akaliandika.

"Una hakika?"

"Mama, mimi na okidi tumeanza kujuana lini?"

"Ahsante, baba," Nesi akasema, akamshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumuuliza kitu, na Fundi alikuwa amemjibu kwa uongo.

Alijiambia haitakufa. Itadhoofika kidogo tu, programu itaonekana ya kijinga, naye ataiokoa dakika ya mwisho mbele ya watu wote. Lakini majani yalipoanza kuwa manjano, kama yafanyavyo kila mwaka okidi ile ikijiandaa kulala, programu iliyodanganywa jina ilimwambia Nesi kwamba mmea wake una kiu. Akatia maji. Majani yakazidi kugeuka. Akatia tena. Fundi alipita pale kila asubuhi na chai yake. Kila asubuhi alifungua mdomo aseme, na kila asubuhi neno lilikuwa zito kuliko jana yake, kwani sasa angelazimika kueleza pia kwa nini alikaa kimya jana.

Siku moja alimkuta mkewe ameshika shina lililolainika kama ndizi iliyovunda. Lilikuwa limekatikia mkononi mwake.

"Nimeiua," Nesi alisema. "Dada ameniachia kitu kimoja chenye uhai, nami nimekiua."

Akalia. Fundi akatoa leso mfukoni akampa. Akampigapiga mgongoni, akasema, "Basi, mama, ni ua tu." Na hata wakati huo hakusema.

Jumamosi ya uamuzi ilifika. Nesi alikibeba chungu kile hadi maktaba. Alisimama mbele ya wenzake, daftari mkononi, akasema kwa sauti ya chini:

"Nyingine zote zimestawi. Lakini hii niliyoipenda zaidi imekufa, na nilifuata kila nilichoambiwa. Sijui kama kosa ni la programu au ni langu. Nadhani ni langu. Mimi sina mkono wa mimea. Msiniulize tena, muulizeni Fundi."

Vichwa vyote vikamgeukia Fundi. Hilo ndilo alilolitaka kwa miezi miwili, si ndiyo? Basi alilipata, na kinywani mwake likawa chungu kama shubiri.

"Tuangalie mizizi kwanza," akasema Mama Mikate, ambaye somo lake alilishika. Akakigeuza chungu juu ya gazeti. Magome ya miti, yaliyotiwa badala ya udongo, yakamwagika yamelowa, na katikati yake kikaanguka kijiti cha plastiki kilichovunjika, kimechafuka. Mwalimu akakifuta kwa kidole.

"Kuna jina hapa," akasema, akalisoma. Halikuwa jina lililokuwa kwenye daftari la Nesi. Akaliandika kwenye kompyuta, akasoma kwa sauti: "Majani yakianza kuwa manjano, acha kumwagilia kabisa. Mmea unalala. Maji wakati huu huozesha shina."

Watu wakasogea kukitazama kijiti.

"Nani aliliandika?" mtu akauliza.

Nesi alikichukua kijiti kile. Maandishi yalikuwa madogo sana, yamenyooka, ya mtu aliyezoea kufanya kazi ndani ya saa. Miaka saba nyuma mumewe ndiye aliyemsaidia dada yake kuipanda okidi ile. Nesi aliyatazama maandishi yale kwa muda, kisha akamtazama mumewe, na Fundi akaona kwamba mkewe ameelewa yote.

"Ni kosa langu," Nesi akasema, akifumbata kijiti mkononi. "Niliandika jina lisilo lake. Ningekuwa makini ningekiona hiki."

Ndugu zangu, kama angemtukana mbele ya watu, nadhani Fundi angejitetea. Lakini alimsitiri, na sitara ile ndiyo iliyomvunja. Fundi alisimama.

"Nesi anasema uongo kwa ajili yangu," akasema. "Jina nililijua. Aliniuliza, nikampa lisilo lake makusudi. Niliona wivu. Niliona mmeacha kuniuliza mimi." Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Mama Mikate alisonya, kisha akajuta kusonya. Mwalimu akauliza wangapi wanaona programu inafaa. Mikono kumi na miwili ikainuka. Nesi alikuwa wa mwisho kuinua wake.

Nyumbani hapakuwa na makelele. Nesi alisema huku akikunja nguo.

"Ua lingekufa hata mkononi mwa mtaalamu, ningesema ni kazi ya Mungu. Lakini ulinitazama nikilia, ukanipa leso."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Okidi ya dada haikufufuka. Nesi alihamishia vyungu vyake vyote nyuma ya duka la Mama Mikate, akawa anavitunza huko kila asubuhi, na kwa miezi minne chai ya asubuhi Fundi aliinywa peke yake kwenye roshani, kando ya kiti kitupu. Hakukaa tu akajihurumia. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa watu aliowapa ujuzi nusu, akawapa nusu iliyobaki: lini, kiasi gani, ndani ya nini. Wengine walimfungia mlango. Wengine walimkaribisha. Na kila Jumamosi alikwenda maktaba, akakaa kiti cha nyuma, akawasaidia wanaoanza kutambua mimea yao kabla hawajaandika jina.

Asubuhi moja, mwezi wa tano tangu Jumamosi ile, Nesi alirudi roshani na chungu kimoja kwapani. Alikiweka mezani mbele ya mumewe.

"Mizizi hii unaionaje?"

Fundi aliitazama muda mrefu. Zamani angeguna.

"Sijui," akasema. "Lete kompyuta, tuangalie pamoja."

Nesi akavuta kiti chake, akakaa.

FUNZO

Mkiniuliza kama programu ya okidi inamfaa mtu anayeanza, nitawajibu kwamba inafaa, na inafaa sana. Haichoki kuulizwa, haikudharau kwa kutojua, wala haifichi kitu ili urudi kuibembeleza. Lakini haina macho. Inaamini jina unaloipa, likiwa la kweli au la uongo. Kwa hiyo anayeanza anahitaji programu, na pembeni yake anahitaji mtu anayejua ambaye moyo wake ni safi.

Nawe uliyebobea katika jambo lolote, iwe ni maua, ushonaji au uashi, usiogope anapokuja mtu au chombo kinachojua unachokijua. Ujuzi haupungui kwa kugawiwa. Kinachopungua ni imani ya watu wako, siku wanapogundua kwamba uliwaacha wapotee ili wewe uendelee kuulizwa njia. Wivu wa Fundi haukuidhuru ile programu hata kidogo. Ulimdhuru mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja. Mkiona kijiba kinaanza kuota rohoni, kisemeni kingali kidogo, kwa maana kila siku mnayonyamaza, mnakimwagilia maji.