Kahawa Iliyobaki Mbeya

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 1957, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye paa za soko la Mbeya, na watu walinunua huku wamejikunyata. Tusekile alikuwa ameinama mbele ya mafungu ya viazi. Alivaa gauni la bluu lenye maua meupe na sweta ya kahawia, na kichwani alifunga kitambaa chekundu kilicholala upande. Aliponyoosha mkono kuchukua fungu kubwa, mkono mwingine ulikuwa umeshalishika.

“Hilo nimeliona mimi kwanza,” alisema.

“Na mimi nimelishika kwanza,” alijibu kijana mrefu mwenye koti la kaki. Meno yake yaligongana kwa baridi.

Tusekile alimtazama, akacheka. “Wewe umetoka pwani?”

“Natoka Iringa, Kihesa. Na kwetu kuna baridi, usidhani. Lakini hii yenu ina kucha.”

“Unaitwa nani, mtu wa kutetemeka?”

“Liberatus Kalinga. Fundi mitambo.”

“Mimi Tusekile. Nachambua kahawa kiwandani kwa Manoli.”

Liberatus alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaufunga. Akamwachia viazi, kisha akaomba amsaidie kubeba kikapu.

Jambo alilolimeza lilikuwa hili. Manoli, Mgiriki mwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, ndiye aliyemwita Mbeya kwa siri. Ushuru wa mji ulikuwa umepanda na Manoli alikuwa amepata kiwanja Iringa. Alitaka mashine zipimwe, zifunguliwe, zihamishwe. Liberatus aliahidiwa kuwa msimamizi huko. Wanawake waliokaa kwenye meza ndefu wakitenga punje mbovu na nzuri hawakuambiwa kitu.

Basi kila jioni alimngoja Tusekile nje ya lango, wakatembea pamoja mpaka kwa shangazi yake.

“Mikono yako inanuka kahawa,” alimwambia.

“Yako inanuka grisi. Tukikaa pamoja nyumba itanuka kama gereji ya wanywa kahawa.”

“Umesema tukikaa pamoja.”

“Nimesema tukikaa. Sikusema lini, mpenzi.”

Tusekile alikuwa na wadogo wawili shule ya misheni, na mshahara wake ndio uliowaweka darasani. Alimweleza Liberatus hayo kwa furaha, bila kulalamika, na kila alipoeleza kijana aligeuza mazungumzo.

Jumapili moja, akitoka kanisani, Tusekile alipita kiwandani kuchukua shali aliyoisahau. Alikuta mlango wazi. Liberatus alikuwa amepiga magoti kando ya mashine kubwa ya kukobolea, amenyoosha kamba ya kupimia.

“Unapima nini?”

Alisimama taratibu. “Mashine.”

“Inakwenda wapi?”

“Iringa.” Akamweleza yote, bila kuficha tena. “Nilitaka kukwambia, Tuse.”

“Ulitaka lini? Nikishakaa barabarani?”

“Ningekuchukua. Tungekwenda wote.”

“Na Marta? Mjane yule na watoto wake wanne, naye ungemchukua? Na wenzake?”

Liberatus aliikunja kamba yake ya kupimia. Tusekile alichukua shali yake, akaondoka akiwa ameinua shingo. Alilia alipofika nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Keshoye Liberatus alirudi Iringa. Siku chache baadaye Joachim, karani wa kiwanda, alimwita Tusekile ofisini.

“Simu yako. Ya Iringa.”

Aliishika kwa mkono wenye vumbi la kahawa.

“Tuse, ni mimi. Hujambo, mama?”

“Sijambo. Niko kazini. Sema.”

“Nimezungumza na Manoli. Naomba unisikilize.”

“Huko wanazipokea mashine lini?”

“Ndiyo hayo nataka—”

Tusekile aliirudisha simu mahali pake polepole.

“Mtu amepanga mstari posta asubuhi nzima kwa simu hiyo,” Joachim alisema.

“Basi apange tena.”

Juma lile lile Manoli aliwakusanya wanawake uani. Aliwaambia ukweli wote, kofia mkononi. Akasema kabla ya kuhama atakwenda Baraza la Mji kuomba apunguziwe mzigo wa ushuru, na angependa mmoja wao aseme. Wote walimgeukia Tusekile.

Siku ya baraza alivaa gauni lake la Pasaka, la kijani, na viatu alivyoazima kwa shangazi. Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikaa katikati, wajumbe pande zote. Manoli aliomba asamehewe ushuru wa jengo kwa miaka mitatu, na akisamehewa, atabaki.

Mjumbe mmoja alikuna kidevu, akamtazama Tusekile. “Ushuru huo ndio wa kupeleka bomba la maji mtaani kwa Mzee Sedekia. Tukiusamehe, bomba litachelewa. Mama yangu, wewe unasemaje?”

Tusekile alisimama.

“Maji tunayataka, bwana. Mimi mwenyewe nakaa mtaa huo, nachota mtoni. Lakini kiwanda kikihama, wengi wetu tutarudi vijijini, na watoto watatoka shule. Bomba litafika likute nyumba zimefungwa.”

Sedekia, mjumbe wa mtaa huo, mzee mfupi aliyevaa koti lililopauka mabegani, alisimama.

“Maji ni ya mtaa wangu, kwa hiyo niachieni neno hili. Tumechota mtoni tangu tuzaliwe. Tutachota kidogo tena. Msameheni. Ila aahidi hapa, mbele yetu, kwamba hakuna mwanamke atakayeachishwa kazi.”

Manoli aliahidi. Mikono ikainuliwa, na jambo likapita.

Nje, Marta alikaa chini kwenye majani akajifunika uso kwa kanga. Wengine walikumbatiana. Tusekile alipiga goti mbele ya Sedekia, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

“Ndaga fijo, tata,” alisema kwa Kinyakyusa. Asante sana, baba.

“Inuka, mwanangu. Utachafua gauni.”

Manoli alikuwa amesimama kando. “Mshukuru na Kalinga,” alisema. “Aligoma kufungua hata skrubu moja mpaka niende kwanza barazani. Akaniambia nyie mseme wenyewe. Mimi sikuwa nimefikiria kuomba.”

“Na ile kazi ya usimamizi?”

“Imekwisha. Alijua itakwisha.”

Tusekile alipanda basi la Iringa Ijumaa iliyofuata. Alikula vumbi kutwa, na pale Mafinga basi lilisimama nyuma ya malori ya mbao. Jioni alifika Kihesa, akaulizia nyumba ya Mama Rozalia, mama yake Liberatus.

“Kamwene, mama,” alisalimia kwa Kihehe alichojifunza ndani ya basi.

Mama mwenye mvi alimkagua kuanzia kitambaa mpaka viatu. “Kamwene. Wewe ndiye uliyemkatia simu mwanangu?”

“Ni mimi, mama. Nimekuja kumwomba radhi.”

“Karibu ukae. Amekwenda Kalenga kutengeneza kinu cha unga, sasa hivi atarudi.”

Liberatus alitokea uani na mafuta mpaka kwenye viwiko. Alisimama, hakuthubutu kusogea.

“Kiwanda kinabaki,” Tusekile alisema. “Marta anakusalimu. Wote wanakusalimu. Nami nimekuja kusema asante, Libe, kwa mdomo wangu. Simu niliyoikata ndiyo iliyokuwa na habari za baraza.”

“Nilistahili kukatiwa. Ilinipasa kukwambia siku ile ya sokoni.”

“Ilikupasa, ndiyo. Lakini umepoteza kazi kwa ajili yetu.”

“Kazi nitapata. Manoli ameniita nikae Mbeya, nitunze zile mashine.” Alijifuta mikono kwenye suruali, haikusaidia. “Nitakwenda kama utanikubali. Nataka kukuoa, Tusekile. Usijibu leo. Fikiri kwanza.”

Ndani, Mama Rozalia aliacha kukoroga ugali ili asikie vizuri.

“Nenda Tukuyu ukamwambie baba yangu,” Tusekile alisema, akaishika mikono ile yenye mafuta na kuiweka shavuni. “Mimi nilifikiri kutwa nzima ndani ya basi. Tulipofika Mafinga nilikuwa nimeshakubali.”