Mwanamke wa Kwenye Santuri

Siku za mwisho wa mwezi jengo lile la maduka huwa halina adabu. Kila duka lina spika mlangoni, kila spika inashindana na mwenzake, na watu wanapanda na kushuka ngazi utadhani wamefukuzwa. Sasa mtu mzima na akili zake asimame katikati ya ngazi hizo saa sita mchana, mguu mmoja juu na mwingine chini, mfuko wa unga wa plasta umemkaa kifuani, si anatafuta kusukumwa? Ndivyo alivyosimama Fundi. Akasukumwa, akakanyagwa, na mama mmoja akamwuliza kama ameota mizizi. Fundi hakumjibu, kwa sababu alikuwa anamsikiliza mwanamke anayeimba.

Sauti ilitoka kwenye duka la chini kabisa, la santuri za zamani, ambalo siku zote alilipita akidhani limefungwa. Gitaa lilikuna polepole, saksafoni ikajibu kwa mbali, ngoma ndogo ikagongwa kwa vidole. Mwanamke aliimba wimbo wa kubembelezea mtoto, wa kale kabisa, ila alivyouimba ungesema anambembeleza mtu mzima aliyekataa kulala. Fundi alisikia vinyweleo vikimsimama. Kisha wimbo ukakatwa katikati ya neno.

Akashuka ngazi mbili mbili, gauni lake la kijani amelikusanya kwa mkono mmoja, akaingia dukani.

"Mbona umekata?"

Mwenye duka alikuwa ameishika ile santuri kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota sufuria ya moto. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Alisema amekosea. Alikuwa anajaribu sindano mpya ya gramafoni na akachomoa santuri bila kuangalia.

"Basi endelea kukosea," Fundi alimwambia.

Wateja walimwita Bwana Taratibu, maana hilo ndilo neno alilokuwa akiwaambia wanapovuta santuri zake kwa pupa. Siku hiyo hakumwambia mtu taratibu. Alimtazama yule mwanamke mwenye unga mweupe kwenye nyusi kwa muda mrefu mpaka Fundi akaanza kuona haya, halafu akaitia santuri kwenye bahasha ya kaki na kumpa. Haikuwa na jalada. Hata ile karatasi ya katikati, yenye jina la mwimbaji, ilikuwa imebanduliwa. Fundi akauliza ni nani anayeimba. Bwana Taratibu akasema hajui.

Hapo ndipo alipodanganya, na uongo huo ndio uliokuja kuwagharimu wote wawili.

Fundi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na miaka thelathini na saba, uso mzuri, ulimi mkali, na chumba cha kazi nyuma ya kliniki alikoshinda peke yake na nta, plasta na mashine ya kusaga. Wanaume wawili walikwishapita maishani mwake, wote watu wa haraka, na wote walimwacha akiwa katikati ya sentensi. Aliishi na mama yake mdogo aliyemlea. Alikwishajiambia kwamba mambo ya mapenzi ameyafunga, basi.

Santuri ile ikayafungua. Aliipiga asubuhi akivaa, aliipiga jioni akivua viatu. Jumamosi iliyofuata alikuwa tena dukani akitaka nyingine kama ile. Angekuwa na jina la mwimbaji angelitafuta kwenye simu, lakini jina hakuwa nalo, kwa hiyo alimtegemea Bwana Taratibu. Naye alikuwa na namna yake ya kutafuta. Alipanda ngazi ya mbao, akapekua juu kule, akashuka na santuri moja, akaipangusa kwa kitambaa.

"Huyu binamu yake."

Wiki iliyofuata Fundi aliirudisha, akasema binamu gani huyo, hawafanani hata pua. Akapewa shangazi, ambaye Bwana Taratibu alikiri kwamba ameolewa mbali kidogo. Akapewa wifi. Akapewa mjukuu mmoja mwenye filimbi aliyepiga kelele mpaka mama mdogo akatoka nje. Miezi minne walikwenda hivyo, na ukoo mzima ukapita mikononi mwake. Wengine walikuwa wazuri, jazi yenye ngoma za kale na zeze, nyimbo za kumtoa mtu machozi. Lakini kila mara Fundi alirudi kwa yule wa kwanza.

Mwishowe alijua anachokikosa. Upande wa pili wa santuri ile ya kwanza, wimbo wa tatu, chini kabisa ya sauti ya mwanamke, kulikuwa na mwanamume anayeufuatisha wimbo huku amefumba mdomo, kama anavyofanya mtu mikono yake ikiwa kazini na roho yake ikiwa shwari. Ilikuwa sauti nene, yenye mikwaruzo kidogo. Fundi alipomweleza, Bwana Taratibu alisema huenda ni mpiga gitaa la besi, wengine hufanya hivyo bila kujijua. Akaingia chumba cha nyuma kutafuta chenji ambayo hakuna mteja aliyeidai.

Na simu, je? Walikwishapeana namba, na kila jioni saa moja simu ya Fundi iliita. Bwana Taratibu aliuliza kama amekula, amekula nini, na nani amemvunjia meno ya plasta leo. Fundi alimwambia kuhusu mzee aliyetaka meno meupe kama sahani, na Bwana Taratibu akacheka. Nyuma ya Fundi santuri ile ya kwanza ilikuwa ikizunguka. Fundi aliponyoosha mkono kuipunguza, sauti ya kwenye simu ilimwahi.

"Usizime, mpenzi. Iache tu."

Basi akaiacha. Bwana Taratibu alinyamaza, na Fundi alilala chali, simu sikioni, akisikiliza pumzi yake. Alijiambia kwamba hatimaye Mungu amemletea mwanamume asiye na haraka, anayeweza kukaa naye kimya na asichoke.

Mama mdogo hakupendezwa. "Huyo mwanamke wako ataondoka lini humu ndani?" aliuliza. "Nikienda bafuni yumo, nikienda jikoni yumo." Alasiri moja aliapa kwamba amemsikia akiimba ukumbini, na alipokwenda kutazama alikuta mashine ya santuri imezimwa na waya umechomolewa. Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumsikia yule mwanamke ndani ya mlio wa mashine ya kusaga.

Siku moja Bwana Taratibu alimfuata kazini, amevaa koti la kahawia lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Fundi alimwonyesha safu ya vijino vya mfano vya kupimia rangi, akamwamuru acheke apimwe. Akamweleza siri ya kazi: ukitengeneza jino lililofanana kabisa na jirani yake, ndilo linaloonekana la bandia. Lazima uliachie kasoro yake.

"Kwa hiyo anayetafuta wa kufanana anajidanganya?" Bwana Taratibu aliuliza.

"Wa kufanana hapatikani. Wa kukaa naye anapatikana."

Bwana Taratibu alimpangusa plasta kwenye nyusi kwa kidole gumba, taratibu, akasema angependa Jumapili aje kumsalimia mama mdogo. Fundi alijua maana yake. Mtu mwenye umri ule haji kusalimia bure.

Jumamosi, siku moja kabla, alipita dukani kumkumbusha asije na soda zenye rangi, mama mdogo hazipendi. Bwana Taratibu alikuwa juu ya ngazi ya mbao, amempa mgongo, anapangusa santuri moja baada ya nyingine. Alikuwa ameufumba mdomo, na sauti ikamtoka. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo kidogo.

Fundi alishika meza. Angeijua sauti ile hata akifukiwa. Furaha ilimpanda mpaka machozi yakamlenga: alitafuta miezi minne, kumbe aliyemtafuta ndiye aliyekuwa akimtafutia!

"Ni wewe," alisema. "Mpiga besi ni wewe."

Sauti ikakatika. Bwana Taratibu alishuka, akavua miwani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakukana. Fundi, akiwa bado anatabasamu, akauliza lililofuata, ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Na anayeimba?"

"Mke wangu."

Alisema mkewe alifariki miaka sita iliyopita, miezi miwili tu baada ya santuri kutoka. Moyo wake ulikuwa mbovu na hawakujua. Gitaa lake la besi aliliuza wiki ileile. Nakala zote alizigawa, ikabaki hiyo moja, akaibandua jina asije akalisoma kwa bahati mbaya, akaichomeka katikati ya nyingine na kusahau ni wapi. Siku ile ilipojitokeza mkononi aliona heri imwendee mtu mwingine.

Fundi alisikiliza yote, na alikuwa tayari kulia naye. Lakini akili yake haikusimama hapo. Ilirudi kwenye zile jioni, kwenye saa moja, kwenye kile kimya kirefu alichokipenda. Tabasamu likamtoka.

"Zile simu," alisema. "Ulikuwa unanipigia mimi, au unampigia yeye?"

Bwana Taratibu angeweza kudanganya mara ya pili. Hakudanganya.

"Mwanzoni, yeye."

Kulikuwa na neno la pili nyuma ya hilo, lakini Fundi hakulingoja. Alitoka, akapanda ngazi zilezile akisukumana na watu, na Jumapili mama mdogo alipouliza mgeni yuko wapi, alimwambia mgeni amepata udhuru.

Wiki tatu zilipita. Simu iliita kila jioni saa moja, naye akaitazama mpaka ikanyamaza. Santuri aliitia kwenye bahasha yake na kuisukuma chini ya kabati. Haikusaidia kitu. Nyumba ilikuwa imeshika ile sauti. Aliisikia bomba likidondoka. Mama mdogo, yeye aliyekuwa akilalamika, alikutwa jikoni akimenya viazi na kuimba ule wimbo wa kubembeleza, na alipoambiwa alikana kabisa. Kazini Fundi alikosea rangi ya meno mawili. Alimchukia mwanamke aliyekufa, akaona aibu kumchukia mwanamke aliyekufa, akamchukia zaidi kwa kumtia aibu. Tena alimkumbuka Bwana Taratibu, kidole gumba chake na vicheko vyake vya nadra, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alitaka kujua jambo moja tu: kama yule mwanamke asingekuwa nyuma yake akiimba, je, angebaki mtu upande wa pili wa simu?

Jioni ya ishirini na mbili alipokea. Mashine ya santuri haikuzunguka. Nyumba ilikuwa kimya.

"Leo kimya," Bwana Taratibu alisema.

"Nimezima. Kama unamtaka mkeo, hayupo hapa. Tupo mimi na mama mdogo."

Alingoja mlio wa simu kukatwa. Alihesabu moyoni, akafika ishirini, akafika arobaini. Simu haikukatwa.

"Unatafuna," Bwana Taratibu alisema mwishowe.

"Natafuna nini?"

"Kucha. Ukikasirika unatafuna kucha, halafu unavuta pumzi kwa pua. Mama mdogo ana kikohozi, hajanywa dawa. Dirisha lenu la ukumbini lina kibawaba kibovu, upepo ukija linagonga mara mbili. Hayo hayamo kwenye santuri. Hukuningoja nimalize siku ile. Nilisema mwanzoni. Baadaye nilikuwa nasema usizime kwa woga, nisije nikajikuta nakusikiliza wewe peke yako. Na ndivyo nilivyokuwa nafanya. Nilijiona namsaliti, mpenzi. Miezi miwili mizima."

Fundi alitoa kidole mdomoni. Machozi yalimshuka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali, na hakuyafuta.

"Nimepita nje ya nyumba yenu mara tatu," Bwana Taratibu aliendelea. "Sasa hivi niko mlangoni. Sina soda. Nataka kukuoa, lakini sitakudanganya kwamba atatoka kichwani. Hatoki."

Fundi aliinuka, akafungua mlango. Bwana Taratibu alikuwa amesimama na koti lake la kahawia, simu bado sikioni, amekonda. Mama mdogo alichungulia kutoka jikoni, kikombe mkononi, akiwa na kila nia ya kusikia. Ile hasira ya Fundi ya wiki tatu ilikuwepo bado, ila haikuwa na pa kukaa tena.

"Jina lake nani?" Fundi aliuliza.

Bwana Taratibu alishusha simu. Miaka sita hakulitamka, hata makaburini alisimama bubu. Mara ya kwanza lilimkwama. Mara ya pili akalitaja lote, jina lake na la baba yake, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Fundi akamshika mkono wa pili. Alilirudia lile jina mara moja, polepole, apate kulizoea, maana alijua atakuwa akilisikia maisha yake yote. Kisha akamwambia aingie, avue viatu, chakula kipo.

"Huyo aliyetajwa ni nani?" mama mdogo aliuliza.

Fundi alikuwa tayari anapanga sahani mezani.

"Mke mwenzangu," alisema.