Mafuta Ndani ya Mfupa

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka 1996, na bucha za Mabatini zilifurika watu hadi wengine wakasimama juani. Mashimba alikuwa akipasua mfupa wa mguu kwa shoka, kipande kikaruka na kutua kwenye gauni la msichana aliyekuwa mbele. Lilikuwa gauni la mtumba lenye maua ya njano, limepigwa pasi likanyooka.

"Nimeomba nusu kilo ya nyama," msichana alisema, akikitazama kile kipande. "Huu mfupa ni wa nani?"

"Wako, dada. Nyongeza."

"Wasukuma bwana. Hata zawadi mnairusha kwa shoka."

"Na ninyi Wahaya hata doa mnalivaa kwa maringo."

Jina lake lilikuwa Justa, mshonaji wa Mirongo. Haukupita muda Mashimba akawa anavuka barabara kila jioni kwenda dukani kwa mzee Chandulal, kumpigia simu Justa kupitia kwa jirani yake. Chandulal aligeuza uso kwa adabu, ila masikio aliyaacha palepale.

Kisha Justa akaanza kuchoka. Fizi zikatoka damu, ngozi ikajaa madoa kama ya mtu aliyegongwa. Hospitalini walimchoma sindano kwenye nyonga, wakavuta uboho wa ndani ya mfupa, wakakuta saratani ya damu. Uboho ndio shamba ambamo damu huota, na shamba la Justa lilikuwa limevamiwa na magugu. Akalazwa, akatundikiwa dawa kali.

Mashimba alikuwa mtoto wa wafugaji. Kwao, anayeumwa mfupa hupewa mfupa. Kila alfajiri alichemsha mifupa ya miguu mpaka uboho ukayeyuka, akapeleka supu wodini kwa chupa ya chai. Justa alimeza vijiko viwili vitatu na kumwita "daktari wangu wa ng'ombe." Nywele zilipodondoka alijifunga kitambaa cha zambarau, na Mashimba aliapa moyoni kwamba hajaona kichwa kizuri kama kile.

Wiki ya tano wakamchoma tena nyonga. Siku majibu yalipotoka, shangazi yake Justa, aitwaye Teodora, alimkuta Mashimba langoni na chupa yake. Mashimba alimwamkia shikamoo, shangazi hakuitikia. Akasema uboho wa mtoto wake umekuwa mafuta matupu, damu karibu hakuna.

"Na mafuta hayo kayatoa wapi, kama si humo chupani?"

Mashimba aliirudisha chupa nyumbani ikiwa bado ya moto. Kesho yake hakwenda wodini, wala wiki nzima iliyofuata. Shoka lilimwelemea. Kila mfupa aliotaka kuupasua aliuona ni wa Justa.

Siku ya tisa Chandulal alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Muuguzi alikuwa amemruhusu Justa kutumia simu ya wodi.

"Ungeniambia tu kwamba hutaki mwanamke mwenye upara," Justa alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Si nywele, mpenzi. Ni supu. Nimekujaza mafuta mfupani. Nimekuua kwa mkono wangu."

Justa alicheka mpaka pumzi ikamwishia. Akamweleza kama alivyoelezwa na daktari. Supu haiendi kutuama mfupani. Seli za mafuta zimo katika uboho wa kila mtu mzima. Dawa iling'oa magugu pamoja na mazao, zikabaki hizo seli za mafuta kushika nafasi, na katikati yao damu mpya imeanza kuchipua. Ndiyo dalili waliyokuwa wakiiombea. Ila wapo wataalamu wanaoshuku kwamba seli mbaya chache huweza kujificha humohumo kwenye mafuta, dawa isizimalize. Kwa hiyo lazima mzunguko wa pili wa dawa, na hakuna awezaye kuapa utakwendaje.

Mashimba akakumbuka ng'ombe wa kiangazi. Aliyekonda kufa, uboho wake huwa maji. Mafuta yakirudi mfupani, ng'ombe amerudi. Alilijua hilo tangu utotoni, woga ukamsahaulisha.

"Nisamehe," alisema. "Mzunguko ukiisha, nywele zikiota, nitatuma washenga kwenu."

"Kwani unaoa nywele?"

Chandulal alisahau kugeuza uso.

"Basi Jumamosi hii," Mashimba alisema.

"Waje na chupa mbili za supu," Justa alisema. "Moja ya shangazi."