Mayai ya Kishingo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Stumai alikuwa akifungua banda la kuku, akifagia uwanja na kujaza maji kwenye sufuria kuukuu, ndipo anawe uso. Zamani kazi hiyo ilikuwa na kelele, kwa sababu kuku walitoka wakisukumana kama wanafunzi kengele ya mapumziko ikilia. Lakini mwaka huo ugonjwa wa kideri ulipita kwao Shelui, ukafagia mabanda ya mtaa mzima. Kwa kina Stumai alibaki tetea mmoja tu, jina lake Kishingo.

Kishingo alikuwa mwekundu, mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, na mkali kupita kiasi. Bibi yake Stumai, aliyeishi Sekenke, alimpa alipoingia darasa la tano. "Huyu ni wako," bibi alimwambia. "Si wa mama yako wala wa kuchinjiwa mgeni. Mlee." Sasa Kishingo alikuwa akiatamia mayai ndani ya kapu jikoni, na matumaini yote ya Stumai ya kujaza tena banda yalikuwa chini ya kuku huyo.

Ilikuwa Juni, mwezi ambao upepo wa Singida huingia mpaka ndani ya soksi. Umeme nao ulikuwa ukikatika leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa mchana kutwa. Watu walikwisha kuzoea, tena wengine walinufaika. Fundi asipomaliza nguo ya mtu, umeme ulikatika. Chai ikichelewa kwa mama lishe anayepika kwa kuni, eti umeme ulikatika! Darasa la sita nao hawakubaki nyuma.

"Kazi ya hesabu iko wapi?" aliuliza Mwalimu Antipasi siku ya Ijumaa.

"Umeme ulikatika, mwalimu," nusu ya darasa walijibu kwa pamoja.

Stumai alikuwa mmoja wao, ingawa kwao hakukuwa na umeme hata wa kukatika. Maryam, rafiki yake waliyekaa dawati moja, alimfinya chini ya meza na wote wawili wakazuia kicheko. Mwalimu alitikisa kichwa na kuendelea na somo.

Jioni ile Stumai alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Severina, amesimama kando ya barabara kuu ameshika kiuno. Kishingo alikuwa ametoka kidogo kutafuta chakula, na malori yaendayo Nzega hayangoji kuku. Stumai aliokota unyoya mmoja mwekundu, kisha akakumbuka mayai, akakimbia jikoni. Yalikuwa bado na joto.

Aliyafunga kwenye khanga, akayakumbatia kifuani na kwenda mbio kwa kina Maryam. Baba yake Maryam, Mzee Rahimu, alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la pembejeo na kitotoleshi, sanduku la umeme linaloyapa mayai joto mpaka yaanguliwe. Wiki hiyo kitotoleshi kilikuwa kitupu, maana kwa mgao ule wa umeme watu waliogopa kuleta mayai yao.

"Shikamoo baba," Stumai alisema huku akihema. "Naomba unisaidie."

"Marahaba, mwanangu. Tuyaone."

Mzee Rahimu aliyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Ndani yake Stumai aliona mishipa myembamba myekundu na kitu kidogo kinachotikisika. Machozi yalimtoka.

"Yana uhai," alisema Mzee Rahimu. "Lakini kesho mimi naenda Nzega kuchukua mzigo, na mama yake Maryam ana shughuli ya harusi. Umeme ukikatika, nani atajaza chupa za maji ya moto na kufunika sanduku kwa blanketi?"

"Mimi, baba," Maryam alidakia. Alimshika Stumai mkono. "Nakuahidi. Hayatapoa hata kidogo."

Usiku huo Stumai alilala vizuri, kwa kuwa mayai yalikuwa mikononi mwa rafiki yake.

Jumapili asubuhi Maryam alikuja mwenyewe nyumbani kwa kina Stumai. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alisimama mlangoni, akaanza kulia kabla hajasema neno.

"Umeme ulikatika, Stu. Jana tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nilichemsha maji, nikajaza chupa, mpaka nikaungua kidole. Mwishowe mkaa ukaisha. Baba aliporudi alikuta yamepoa kabisa, akasema yamekufa. Akayafukia."

Stumai alilia sana. Hata hivyo alimwonea huruma rafiki yake. Alikipuliza kile kidole, akampa kashata alizowekewa na mama yake, na kumwambia, "Ahsante. Ulijitahidi." Kesho yake shuleni alimbebea begi. Mwalimu Antipasi aliposikia habari za kidole, alimsifu Maryam mbele ya darasa zima, na Maryam akainamisha kichwa. Stumai alidhani anaona haya.

Siku chache baadaye mama alimtuma Stumai kusaga mahindi. Mashine ya kusaga ilikuwa nyuma ya nyumba ya kina Maryam, na waya uliopeleka umeme pale ndio huohuo ulioingia kwao. Alikuta mashine imezima na watu wameketi juu ya magunia wakingoja umeme urudi.

"Redioni wanasema umeme wa kutosha upo, nchi nzima," alinung'unika mzee mmoja. "Sasa unaishia wapi kabla ya kufika Shelui?"

"Unachokea njiani," alijibu Isaka, mwendesha mashine. "Waya mrefu, nguzo za miti, na upepo wenyewe ndio huu. Kuwa na umeme ni kazi moja, kuufikisha ni kazi nyingine."

"Na bado tunaongezeka," alisema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Visima, viwanda, kila nyumba inaunganishiwa. Hapo mbele utatutosha kweli?"

Kisha yule mama akaongeza, "Afadhali Jumamosi iliyopita. Tulisaga tangu asubuhi mpaka jioni, haukuyumba hata mara moja."

"Ile ilikuwa bahati," alisema Isaka.

Stumai aliacha kuchezea kamba ya gunia. Jumamosi hiyo yeye mwenyewe alikuwa pale. Alipanga foleni asubuhi nzima, mashine ikinguruma masikioni na vumbi la unga likimkohoza. Alikuwa amekumbuka mayai tu na kumlilia Kishingo, hata hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Alimwomba yule mama amwangalizie mahindi, akaenda kwa kina Maryam.

Maryam alikuwa uani akiosha vyombo.

"Jumamosi umeme haukukatika," Stumai alisema.

"Nani kasema? Kwani siku hizi haukatiki?"

"Unakatika kila siku. Jumamosi haukukatika. Nilikuwa mashineni."

Maryam alisugua sahani ambayo tayari ilikuwa imetakata. "Sawa," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Alasiri nilichomoa waya wa kitotoleshi nipige pasi gauni la harusi. Soketi ni moja tu. Nikaungua kidole, nikaharakisha, nikasahau kuurudisha. Niliporudi kutoka harusini magharibi nikakuta yamepoa."

"Kwa hiyo kidole ni pasi."

"Stumai, nisamehe. Lakini usimwambie baba. Ni mayai tu, mwenzangu. Tutakununulia mengine."

Stumai alimtazama kana kwamba hamjui. Alikumbuka kashata, begi alilobeba, na jinsi alivyokipuliza kidole kile. Angeweza kuvumilia kwamba rafiki yake alisahau, kwa maana hata yeye husahau. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amemshukuru mtu aliyekuwa akimdanganya, na mtu huyo alizipokea shukrani na kuzila pamoja na kashata. Alijiona mjinga, na hasira ikampanda.

"Hayakuwa mayai tu," alisema. "Na wewe ulijua."

Alizunguka mpaka dukani, Maryam akimfuata nyuma huku akimvuta shati. Mzee Rahimu alikuwa akipanga mifuko ya mbegu za alizeti.

"Shikamoo baba. Nina swali," alisema Stumai. "Mayai yakipoa tangu alasiri mpaka magharibi tu, yanakufa?"

"Marahaba. Hapana, si lazima," alijibu Mzee Rahimu bila kugeuka. "Hata kuku mwenyewe huyaacha akaenda kula. Yakipoa muda mfupi hivyo unayarudisha kwenye joto polepole, unasubiri, unayamulika tena. Mengi hupona. Ya kwako yalikaa baridini kutwa nzima, ndiyo maana sikuhangaika nayo."

Nyuma ya Stumai, Maryam alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Hapo Mzee Rahimu akageuka. Alimtazama bintiye, akamtazama Stumai, na taratibu akaweka chini mfuko aliokuwa ameshika.

"Maryam. Uliniambia tangu asubuhi."

Maryam alieleza yote, akilia. Alisema alitaja asubuhi kwa kuogopa kwamba angesema alasiri, baba angeuliza imekuwaje mkaa ukaisha upesi hivyo.

Mzee Rahimu alikaa juu ya gunia. Kisha akasema, "Kusahau ni kwa kila mtu. Ungeniambia ukweli jioni ile, ningekugombeza, halafu tungechemsha maji. Lakini wewe ulinipa asubuhi badala ya alasiri, na mimi nikaamini. Mwanangu, nimeyafukia mayai ya mwenzako yakiwa hai kwa mikono yangu hii."

Stumai alitoka nje haraka, kwa sababu hakutaka mtu yeyote amwone. Alilia ukutani mwa duka mpaka mashine ya kusaga ilipoanza kunguruma tena, umeme umerudi.

Jioni hiyo Mzee Rahimu alikuja kwa mama Stumai kuomba radhi, Maryam akiwa ubavuni mwake. Wakakubaliana kwamba Jumamosi awapeleke wasichana wote wawili Sekenke kwa pikipiki wakaombe kuku mwingine, kwa kuwa ukoo wa Kishingo ulikuwa umebaki kwa bibi peke yake. "Ila maneno mtasema wenyewe," alionya. "Mimi ni dereva tu."

Bibi aliwapokea jikoni, akiwa anachambua mtama kwenye ungo. Walipiga magoti wakamwamkia, naye akawajibu kwa Kinyiramba na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Stumai alimweleza habari za lori. Bibi aliguna kwa uchungu.

"Na mayai aliyokuwa akiatamia? Yalipatwa na nini?"

Lilikuwepo jibu jepesi, na Stumai alilijua vizuri. Maneno mawili tu, na bibi angeamini, kama Mwalimu Antipasi alivyotakiwa kuamini kila Ijumaa. Maryam alimtupia jicho la kuomba. Stumai alimtazama tu.

"Umeme ulikuwepo, bibi," Maryam alisema, akitazama sakafu. "Nilichomoa waya mimi, nikasahau. Halafu nikadanganya, ndiyo yakafa."

Bibi aliendelea kuchambua mtama kwa muda. Mwishowe aliweka ungo kando.

"Umechelewa kusema, lakini umesema," alisema. "Sasa nisikilizeni wote wawili. Umeme unakatika kweli, na watu wanaumia. Dawa zinaharibika, mashine zinasimama, watoto wanasoma gizani. Hayo ni matatizo ya nchi, na lazima yasemwe ili yatengenezwe. Ninyi mkiusingizia kila kosa lenu, siku utakapowaangusha kweli nani atawasikiliza? Kosa lako liite kwa jina lako, mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Ndiyo bibi," waliitikia. Stumai aliitikia kwa sauti ya chini kuliko Maryam, akifikiria daftari lake la hesabu.

Bibi aliinuka, akaenda pembeni mwa jiko na kurudi na kapu. Ndani yake alitulia tetea mwekundu, shingo tupu, macho makali. Chini yake mayai yalionekana kidogo.

"Huyu ni dada yake Kishingo. Ameanza kuatamia juzi. Mchukueni pamoja na mayai yake," bibi alisema, akacheka. "Huyu hana waya wa kuchomoa."

Hata Mzee Rahimu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka. Maryam alifuta macho na kunyoosha mikono kulipokea kapu.

"Nikusaidie kubeba?" alimwuliza Stumai.

Stumai aliiangalia mikono ile, na kovu la pasi kwenye kidole. Hasira ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekwisha, na hakuona sababu ya kusema imekwisha.

"Leo nitabeba mwenyewe," alijibu. "Wewe njoo kesho, uniletee maji ya kuku."

Maryam akatikisa kichwa kukubali. Kesho yake, kabla Stumai hajanawa uso, rafiki yake alikuwa tayari amesimama uwanjani na ndoo.