Sikio la Msitu wa Namihoro

Msumeno ulikunja meno. Yote yalirudi ndani ya bapa kwa mpigo mmoja, na sauti ya upole ikatoka kwenye mti wa jirani: "Mapigo haya si ya wenye kibali."

Hilo lilikuwa Sikio, mtambo-sikivu alioubuni Mhandisi Asteria Ngonyani kulinda msitu wa kijiji. Kila jozi ya wapasuaji ina mwendo wake wa kuvuta msumeno, na Sikio liliutambua kama mama atambuavyo kikohozi cha mwanawe. Miaka miwili sasa, hakuna gogo lililoibwa. Asteria alijivuna kweli.

Lakini leo lilikuwa limewakataa Komba na Mapunda, walioanza kupasua mbao pamoja kabla Asteria hajazaliwa! Komba alisimama juu ya gogo la mninga, Mapunda shimoni chini yake. Kibali chao kingeisha saa sita mchana. Baada ya hapo kamati ya msitu ingeipa jozi nyingine gogo hilo.

"Mwanangu, dude lako limelewa?" Komba alimuuliza Asteria, aliyekuwa amefika mbio.

Asteria alisoma kumbukumbu za mapigo: mvuto wa chini ulikuwa ukififia mwezi baada ya mwezi, na leo ulikuwa umepungua mno. Akachuchumaa ukingoni mwa shimo. "Baba Mapunda, bega lina nini?"

Mapunda aliinamisha kichwa. "Limekufa tangu masika. Nilimficha Komba. Nani anataka mshirika wa mkono mmoja?"

Asteria aliona aibu. Mtambo wa kunasa wezi ulikuwa umemuumbua mtu mwaminifu.

Juu ya gogo, Komba aliangua kicheko. "Ulinificha mimi? Unadhani nani anausukuma msumeno miezi yote hii? Nilinyamaza usije ukabaki nyumbani, nikakosa wa kumtania!"

"Kumbe mnafiki mkubwa wewe!" Mapunda alisema, huku akifuta machozi.

"Badilishaneni," Asteria alisema haraka. "Kanuni inataka watu walewale, haisemi nani akae juu. Kazi ya juu ni kuongoza mstari, na jicho la Baba Mapunda ni zima. Nitarekodi mapigo mapya."

Kisha akaliongezea Sikio amri moja: kabla ya kukunja meno, uliza.

Saa tano na nusu Komba alishuka shimoni akinung'unika. Meno yakachomoza. Mapunda, aliyekula vumbi la mbao miaka thelathini, alishusha msumeno, na unga mwekundu ukamwagika juu ya upara wa rafiki yake.

"Wenye kibali wametambuliwa," Sikio lilisema.

"Funga mdomo, Komba," Mapunda alisema kwa furaha. "Bado mwingi unakuja."